Boîte Imelamuka, na Foto ya Hangi Iko Ndani

Kisangani, commune ya Kabondo

Kaka yangu Deo,

Salamu ikufikie kule Kashebere, wewe na mulamu wangu Francine na watoto wote. Habari ya kuwa? Habari ya Mama kule Lushebere? Magoti yake ingali inamuuma, ao baridi imemuhurumia kidogo? Huku mimi, bwana yangu Papa Héri na watoto tuko wazima. Jua ya Kisangani inatupika kama maharagi, lakini tuko. Nimejaribu kukupigia simu mpaka nimechoka. Tangu antenne ya kwenu ilianguka, ule mama wa réseau mwenye anasemaga ndani ya simu ananijibu kila siku neno moja. Njo maana nimeshika bic.

Barua hii iko ndani ya carton moja na boîte yako, ile mashine yenye unatunziaga foto na nyimbo za wateja. Papa Musa wa camion ataileta mukononi mwako. Nakuomba kitu kimoja mbele ya yote: uisome peke yako. Usiisome mbele ya Mama. Utaelewa juu ya nini. Mimi mwenyewe sielewi vizuri, lakini utaona fasi yenye nimeshindwa.

Nianze na boîte. Ilifika vizuri, convoyeur, musaidizi wa Papa Musa ku camion, aliibeba ku magoti njia yote kama mutoto mugonjwa. Nilipofungua blanketi, harufu ya moshi wa kwenu ikajaa mu atelier yenye natumikia, na patron wangu akauliza, "Vumilia, wamekutumia nyama ya kukausha?" Nikamwambia apana, wamenitumia foto na sauti za watu wa milima yetu, na haziwaki.

Sikusahau maneno yenye ulinitumia kwa mudomo wa Papa Musa: "Tengeneza, utafute ndani foto nzuri ya Hangi. Mama amekubali misa ya kuondoa matanga." Kaka, nilikaa chini. Tangu Hangi mudogo wetu alikunywa chai kwako ile asubuhi, akapanda pikipiki na mifuko ya maharagi kuelekea Walikale, na jioni wakakuta pikipiki peke yake mu mufereji, Mama alikuwa anasema tu: "Siwezi kulilia muntu sijaona kaburi yake." Na sasa amekubali. Na foto zote za Hangi ziliungua na nyumba yetu ya kule Kingi, isipokuwa zile zenye uliwekaga ndani ya boîte. Kwa hiyo nilijua kitu chenye umenipatia mukononi.

Unajua kazi yangu. Radio, televisheni. Fil ya umeme yenye imekatika naiona na macho, condensateur yenye imevimba naigusa na kidole. Lakini boîte yako haikuungua fasi yoyote. Ndani ni safi. Taa nyekundu tu, inapepesa, inazimika, inapepesa tena. Nikawaza: acha nitoe peke yake disque yenye inashika foto, niifunge ku ordinateur, ile kompyuta ya atelier. Ordinateur ikaandika kwamba haijui disque hii, na ikauliza kama tuiformater. Patron akasema, "Bonyeza oui, endelea." Nikavuta fil kabla hajamaliza kusema. Kuformater ni kufuta yote, wewe njo ulinifundisha na cartes mémoire za wateja wako.

Hapo nikaenda kumuona Madame Clarisse. Ni mwalimu wa informatique, mambo ya ordinateur, ku institut moja ya huku, mama wa makamo, akicheka mabega yote inacheka. Tulijuana juu ya radio yake. Aliiangalia disque, akaniambia:

"Haikufa. Iliandikwa na kurasa kubwa kuliko zenye ordinateur yako inaweza kufungua. Boîte yake njo inajua kuisoma. Tulamushe boîte."

"Na kama boîte inakataa?"

"Boîte haikatai. Kitu chenye kimeharibika ni système, ile programu ya kuiongoza, yenye kampuni iliweka ndani, na kampuni ilishaiacha zamani, haiitengenezi tena. Tutaiondoa, tutaweka Linux."

"Linux ni nani?"

Mabega ikaanza. "Si muntu, Vumilia. Ni système yenye watu wa dunia nzima wanaandika pamoja, na kila mutu anaweza kuichukua bila kuomba ruhusa. Ni kama njia ya muguu. Haina mwenyewe, lakini wote wanaipita na wote wanaifyeka."

Nikamwambia kwetu Masisi hata njia ya muguu inawekwaga barrière ya watu wa bunduki. Akaacha kucheka, akanigusa mukono.

Nikuelezee vile alinieleza, juu boîte ni yako na unapashwa kujua. Courant, ule umeme, ikiingia, kuna kaprogramu kadogo sana kenye kanalamuka wa kwanza. Wanakaita chargeur, lakini si ile ya simu. Kazi yake ni kwenda kuita système, kuishika mukono na kuileta. Chargeur ya boîte yako ilijua kuita système moja tu, ile ya kampuni, na ile ilikuwa imeharibika. Kwa hiyo kanaita, hakuna muntu anaitika, kanarudi mwanzo, kanaita tena. Njo ile taa. Ilibidi tuondoe chargeur ya zamani na tuweke ingine yenye inaweza kuita Linux.

Madame alianza na kukopia disque yote ku disque yake, vile ilivyo, hata bila kuisoma, ili tukikosea tusipoteze. Kisha njo zamu yangu. Ndani ya boîte kuna nukta ndogo za chuma, ndogo kuliko mbegu ya mutama, na juu yake nilipashwa kuunga fil tatu kwa chuma ya moto. Nilifanya ile kazi bila kupumua. Tukaunganisha fil na ordinateur, tukaingiza courant, na maneno ikaanza kukimbia ku écran. Boîte ilikuwa inasema! Ilikuwa inalalamika wakati yote, mu ile lugha yake, kwamba haioni système. Nilifurahi kama nimesikia mutoto akilia nyuma ya kuzaliwa.

Tukaanza kuandika chargeur mpya ndani. Na katikati ya kuandika, courant ya quartier ikakatika.

Iliporudi, hakuna taa nyekundu. Hakuna taa hata moja. Maneno ku écran, hakuna. Chargeur ya zamani ilikuwa imefutwa, na mpya haikuwa imeisha kuingia. Madame alisema pole-pole, "Sasa iko tofali." Nilirudi nyumbani, nikakaa mbele ya mbabula bila kuwasha makala. Papa Héri akaniuliza kitu gani. Nikamwambia nimemuzika Hangi mara ya pili, na mara hii ni mukono yangu. Akasema, "Disque si iko?" Iko, lakini hakuna yenye inaweza kuisoma. Akawasha makala yeye mwenyewe.

Siku zilipita. Nilikuwa natengeneza televisheni za watu na sisikii kitu wanasema. Kisha Madame Clarisse akaingia mu atelier akikimbia, yeye mwenye hakimbiagi, akasema amesoma fasi fulani maneno ya watu wenye walipata taabu kama yetu. Puce yenyewe ya ile boîte, ule ubongo wake mudogo, mbele hata ya kutafuta chargeur, inasikilizaga kwanza kwa fil, muda kidogo sana, kama muntu anapiga hodi na kugeuka kwenda. Ukituma chargeur kwa ule muda, inaipokea. Ukikosa, imeenda.

Mara hii hatukuamini courant ya quartier. Tulifunga boîte ku batterie ya gari ya patron. Mimi nikashika fil ya courant, Madame akakaa ku clavier kuandika.

"Sasa!"

"Umechelewa," Madame akanijibu.

"Sasa!"

"Umetangulia, mama."

Sijui mara ngapi. Vidole vilianza kuniuma. Patron alikuja kutuangalia, akaleta kiti, akaanza kutuhesabia kama kiongozi wa kwaya: moja, mbili, ingiza! Na njo ile mara iliingia. Écran ikajaa nukta, nukta, nukta, kisha chargeur mpya ikasema jina yake, na nyuma ya hapo Linux ikapanda, maneno mingi kama mvua ku mabati. Taa ikawa ya bulu. Patron alipiga mikono. Madame alinishika tukacheza hapo kati ya maganda ya televisheni, na watu wa barabara wakasimama kuangalia.

Kama hadisi ingeishia hapo, kaka, ningekutumia boîte na wimbo. Lakini hapa njo fasi yenye nimepotelea.

Tulifungua disque. Vyote viko, vile ulivyopanga: NDOA, KWAYA, WAFU WETU, na ile yenye uliita TUTAPANGA. Lakini tarehe! Nyimbo za kwaya zimeandikwa mwaka wa 1970. Ndoa ya Francine na wewe, 1970. Nikamwambia Madame, "Kaka yangu alikuwa hajazaliwa." Akanieleza kwamba ndani ya boîte kuna saa, na pile yake, ile batterie ndogo, ilishakufa. Kila mara unazima, saa inasahau yote na kurudi ku mwanzo, na mwanzo ya mashine kama hizo ni ule mwaka. Tulijaribu mbele ya macho yangu. Tukazima, tukawasha, tukaiuliza saa, ikajibu 1970. Tukacheka.

Nikatafuta Hangi. Nilikuta ile ya ubatizo wake. Nilikuta ile amekaa ku pikipiki mpya na anajifanya hatujui. Nikalia kidogo, nikafurahi kidogo. Kisha nikafungua TUTAPANGA, na katikati ya foto za watu nisiojua, nikamukuta amesimama mbele ya nyumba moja ya mbao. Nyuma kuna mugomba na bidon ya njano ya kuteka maji. Ndevu zimemuota, yeye mwenye alikuwa ananyoa kila siku juu Mama alisema ndevu ni za mbuzi. Amekonda. Anacheka, lakini kidogo, kama muntu wamemwambia acheke.

Tarehe ya ile foto si 1970. Ni mwezi wa saba wa mwaka jana. Kaka, Hangi alipotea mwezi wa tatu wa mwaka ule ule.

Nilimwita Madame, nikamuonyesha na kidole. Alivaa miwani. Nikamuuliza, "Si umesema saa inarudi nyuma?"

"Inarudi nyuma, ndiyo."

"Inawezaga kwenda mbele peke yake?"

"Peke yake, apana."

"Kwa hiyo Hangi iko muzima!"

"Vumilia, sikusema vile. Kaa." Akanikalisha. "Tarehe ya faili si shahidi. Foto hii ilitumwa kwa simu, na njiani imepoteza alama zake za kwanza. Tarehe hii inaweza kuwa ya siku walipiga foto. Inaweza kuwa ya siku walituma. Inaweza kuwa ya siku muntu alikopia ndani ya boîte. Na inaweza kuwa muntu aliunganisha simu yake yenye saa mbaya, boîte ikaamini."

"Ni gani kati ya hizo?"

"Sijui. Na mashine haijui."

Nilimukasirikia, kaka, Mungu anisamehe. Muntu anajua kufufua tofali, na kitu kimoja chenye nataka kujua hajui.

Nikarudia kuangalia foto, na njo nikaona chemise, ile shati amevaa. Ni kitambaa ya jubilé, sikukuu kubwa ya paroisse yetu, ile ya bulu na misalaba ya njano. Mama alinitumia pande yangu, nimeivaa siku za sikukuu hapa Kisangani. Nikajiambia: jubilé ilikuwa mwezi wa nane, Hangi alishapotea! Nilikimbia mpaka nyumbani nikatoa pagne yangu, kitenge kile cha jubilé, mu valise, nikaiweka pembeni ya foto. Ni ile ile. Nikapiga magoti kushukuru. Na ningali ku magoti, nikakumbuka kwamba kitambaa cha jubilé kinakujaga mapema ili watu washone. Ile ilifika kwenu mwezi wa pili, wewe mwenyewe uliniambia ku simu. Kwa hiyo Hangi angeweza kushona chemise yake mbele ya kwenda. Nikasimama tena. Na ile asubuhi ya chai kwako, uliniambia alifunga koti mpaka shingo juu ya baridi, hukuona kitu alivaa ndani.

Lakini ndevu? Kwa mwezi moja ndevu haziwezi kuwa vile. Ao zinaweza? Mimi niko huku tangu zamani, nilimuona mara ya mwisho angali kijana wa mashavu laini. Pengine aliacha kunyoa na hakuna mwenye aliniambia. Na ile nyumba ya mbao siijui. Nimelala na ile foto, nimekula na ile foto. Siku ingine naamka najua iko muzima fasi fulani mu pori ya Walikale, amefungwa ao amejificha. Saa ya chakula najua amekufa na nina wazimu.

Nikamwambia Papa Héri kwamba sitasema kitu. Nitatuma foto ya ubatizo kwa misa, na hii nitaifuta. Mama amechukua wakati mingi kukubali. Sasa nimuambie nini? Kwamba mashine yenye ilisema wewe ulioa mwaka wa 1970 inasema mwana wake alisimama mbele ya nyumba mwezi wa saba? Papa Héri alikula mpaka akamaliza, akanawa, njo akanijibu:

"Ukiifuta, umemuua. Ukiipeleka kwa Mama, umemufufua. Kazi hizo mbili si zako."

"Basi kazi yangu ni gani?"

"Kuuliza."

Kwa hiyo nakuuliza, kaka. Mwezi wa saba wewe ulikuwa umekimbia vita mpaka Lushebere na familia, na boîte na panneau solaire ya kuiwasha ulimuachia jirani yako Papa Sifa, fundi wa nguo. Ni yeye alikuwa anakopia watu nyimbo ku nafasi yako. Na ni yeye alishonea nusu ya Kashebere nguo za jubilé. Nenda kwake. Usiende na Mama, usiende na mutu. Mupelekee foto, nimeiweka peke yake ndani ya folda yenye inaitwa HANGI. Umuulize mambo mawili. Ya kwanza: alimushonea Hangi hii chemise, na kama alimushonea, ilikuwa mbele ao nyuma ya pikipiki kukutwa mu mufereji? Ya pili: ni nani alileta hii foto, na alitoka wapi? Foto haitembei na miguu. Kuna muntu alifika mulangoni pake na simu mukononi, akasema niwekee.

Akisema chemise ilishonwa mapema, na foto ni ya mbele ya kupotea, basi chukua ile ya ubatizo, muifanyie misa, na mimi nitavaa nguo nyeusi huku siku ile ile. Akisema apana, ao akikaa kimya muda mrefu, kaka, usinitafute mimi kwanza. Panda mpaka Lushebere, ukae karibu na Mama, umuonyeshe. Asisikie kwa mutu mwingine. Na misa ingojee.

Akisema hakumbuki, sijui. Hapo sijui kabisa. Wewe njo mukubwa wetu.

Juu ya boîte: iko muzima, ina nguvu kuliko zamani, na disque inaweza sasa kusomwa hata ku ordinateur ingine, Madame ameipanga upya. Usiizime tena kwa kuvuta fil. Pile ya saa tumetafuta Kisangani yote, ya kipimo ile hakuna. Kwa hiyo kila mara ukiiwasha, uiambie kwanza ni siku gani. Nimebandika chini yake karatasi yenye inaonyesha namna. Usisahau, nakuomba. Muntu mwingine asipate taabu kama hii yangu.

Unisalimie Francine, na umuambie mbegu za lenga-lenga alinitumia zimeota. Salimia watoto wako, mukubwa asiache masomo. Salimia shangazi yetu wa Kingi kama amerudi ku shamba lake, na catechiste mwenye alitufundisha kusoma. Salimia Papa Sifa, hata kama unaenda kwake na maswali. Mama umupigie magoti kwa jina langu, umushike miguu. Madame Clarisse anakusalimia pia, anasema folda zako zimepangwa vizuri kuliko za wanafunzi wake.

Na Hangi. Nimekaa hapa muda mrefu na bic mukononi, sijui nimuandike wapi, na wazima ao na wale tunaowaombea. Namuandika hapa, nyuma ya Mama na mbele ya jina langu. Mukimuona, mumusalimie sana.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Vumilia